Mshale wa RPM umelala kwenye RX-7 ya zamani: anza na koili, dashibodi baadaye

Mpelekee fundi umeme wa Dar es Salaam gari ambalo mshale wa RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) hauinuki, na kabla hujamaliza kueleza atakuwa keshashika bisibisi, anafungua dashibodi. Kwa magari anayoyaona kila siku hakosei sana. Mazda RX-7 ya zamani, yenye injini ya rotari, yaani ya rota zinazozunguka badala ya pistoni, ina tabia yake. Mshale wake hupata habari kutoka kwenye koili inayolisha plagi za juu, na injini hiyo inaweza kuwaka, kutembea na kukufikisha Kibaha huku plagi hizo za juu hazitoi cheche hata moja. Huenda mshale uliolala ndiyo dalili pekee utakayopewa. Ukikimbilia kununua geji nyingine, pesa itatoka na ugonjwa utabaki palepale.

Kwa hiyo kazi ipange hivi: kwanza hakikisha koili ya juu inapiga cheche, kisha fuata waya, na dashibodi iguswe mwisho kabisa. Kuna sababu nyingine ya kuiacha mwisho, nayo ni jua letu. Plastiki ya miaka ya 1980 iliyoshinda juani Mikocheni au Mbagala huvunjika vishikizo ukiivuta kidogo tu, na ganda la dashibodi ya RX-7 si kitu cha kwenda kuchagua Shaurimoyo. Mwambie fundi mapema: "Fundi, dashibodi tuiache kwanza. Nipimie koili ya T." Akikuuliza koili ya T ndiyo ipi, msomee sehemu inayofuata.

Injini yenyewe, kwa kifupi

Ninazungumzia RX-7 za vizazi viwili vya kwanza. Cha kwanza kilitoka kati ya 1978 na 1985, na wapenzi wake hukiita FB. Mengi yana injini ya 12A yenye sentimita za ujazo 1146, na matoleo machache ya mwishoni yana 13B ya sentimita 1308. Cha pili, FC, kilianza 1985 na chenyewe ni 13B. RX-8, ambayo ndiyo rotari unayoweza kuiona zaidi barabarani hapa mjini, haimo katika mwongozo huu. Ile ina koili nne, kila plagi na yake, na mshale wake hupewa habari na kompyuta. RX-8 ikilaza mshale, anza na mashine ya kusoma kompyuta.

Kila rota ina plagi mbili, moja juu ya nyingine, ubavuni mwa injini. Angalia ganda la rota: kwenye plagi ya chini kuna herufi L, kwenye ya juu kuna T. Plagi ya L ndiyo inayowasha moto. Chumba cha moto cha rotari ni kirefu na chembamba, kwa hiyo moto wa L peke yake huchelewa kufika pembeni. T hupiga kwa kuchelewa kidogo na kumalizia mchanganyiko uliobaki.

T zote mbili zikifa, injini haitetemeki kama ya pistoni iliyokosa silinda moja. Hupungukiwa nguvu kidogo, hula petroli zaidi, na moshi hutoka wa moto kuliko kawaida kwa sababu mafuta yanamalizia kuungua njiani kuelekea kwenye eksosi. Dereva atalaumu petroli ya kituo fulani, au atasema gari limezeeka. L zikifa, hapo hakuna mjadala: injini hujikokota au inakataa kuwaka kabisa.

Kuna hesabu moja tutakayoitumia mara nyingi. Rota ikizunguka mara moja, shafti huzunguka mara tatu, na kila rota hutoa mlipuko mmoja kwa kila mzunguko wa shafti. Rota mbili, milipuko miwili kwa mzunguko, sawasawa na injini ya pistoni ya silinda nne. Kwa hiyo koili ya T ya FB, inayohudumia rota zote mbili kupitia distribyuta (kigawa umeme wa plagi), hupiga mara mbili kwa kila mzunguko. Ikiwa injini inazunguka 750 kwa dakika, hiyo ni mipigo 25 kwa sekunde, yaani Hz 25. Namba ya Hz unayosoma ukiizidisha mara 30, unapata RPM.

Vifaa

Multimita yenye sehemu ya Hz, na iwe ya kuhimili angalau volti 600. Zile ndogo za rangi ya njano zinazouzwa kila kona ya Kariakoo zinatosha kupima betri na fyuzi, lakini upande hasi wa koili huruka hadi mamia ya volti kila koili inapokatwa umeme, na baadhi yake hufa hapohapo. Tafuta pia taa ya taimingi ya kubana juu ya waya wa plagi, ile inayometa kila cheche inapopita. Mafundi wa zamani wa magari ya kabureta wengi bado wanayo, na kwa kazi hii ina thamani kuliko kifaa kingine chochote. Ongeza mita tatu hivi za waya mwembamba wenye klipu za mamba, fyuzi, msasa laini, spiriti, na rilei ya miguu mitano kama zile za taa za ukungu. Rilei hiyo utaona kazi yake mbele.

Tahadhari ni chache lakini si za mzaha. Upande wa waya mnene wa plagi una makumi ya maelfu ya volti. Usiushike injini ikiwa inazunguka, na usiuchomoe ukauacha unaning'inia hewani, maana cheche ikikosa pa kutokea huichosha koili na ignaita (kifaa kinachoikatia koili umeme ili ipige). Feni ya FB huzungushwa na mkanda, kwa hiyo kanzu, mtandio au mkono mrefu wa shati ukae mbali.

Hatua ya kwanza: ukiwa umekaa kwenye kiti

Washa swichi bila kuwasha injini. Angalia geji ya mafuta, ya joto na taa za onyo. Kama na hizo zimekufa, umeme haufiki kwenye kibao cha geji: nenda kwenye fyuzi ya mita moja kwa moja. Usiitazame kwa macho tu. Fyuzi ya zamani inaweza kuonekana nzima huku miguu yake imeota kutu isiyopitisha umeme. Itoe, isugue kwa msasa, safisha na makucha yanayoishika, kisha irudishe. Ikiungua tena mara moja, usiweke kubwa zaidi na usiweke waya mtupu. Kuna mahali waya umegusa bodi.

Kama geji nyingine ziko hai na mshale wa RPM peke yake ndio uliolala, washa injini uuangalie wakati stata inazunguka. Mshale unaoruka kidogo kisha ukalala, au unaoamka ukipita kwenye matuta ya mtaani na kulala ukifika kwenye lami nzuri, una muunganiko uliolegea mahali fulani. Mshale unaofanya kazi asubuhi na kulala baada ya nusu saa ya foleni ya Ubungo unakuelekeza kwenye kitu kinachochoka na joto, na kwenye gari hili mtuhumiwa wa kwanza ni ignaita ya T. Mshale uliokufa kabisa bila kutikisika haujakwambia kitu bado.

Uliza pia historia ya gari. Je, kuna fundi aliyefunga alamu, kifaa cha kufuatilia gari au swichi ya siri ya kukata umeme? Magari mengi hapa mjini yamefungwa vitu hivyo, na fundi alamu anapotafuta waya wa injini humenya ule alioufikia kwanza, husokota, kisha hufunga utepe mweusi. Utepe huo ukipata joto la miaka miwili gundi yake hugeuka kuwa ugoro wa kunata. Na kama gari limewahi kulala kwenye maji ya mvua Jangwani au Msasani, andika hilo pembeni; tutarudi kwenye soketi.

Hatua ya pili: je, T zinapiga?

Hapa ndipo kazi ilipo, kwa hiyo usiharakishe.

Kwanza weka alama nyaya nne za plagi kwa utepe wa karatasi: L1, L2, T1, T2. Namba 1 ni rota ya mbele. Kwenye FB, kifuniko cha distribyuta kina alama hizohizo. Nyaya zikichanganywa kwenye rotari unaweza kupata injini inayopiga mizinga kwenye eksosi, na utakuwa umejiongezea ugonjwa wa pili.

Washa injini, bana klipu ya taa ya taimingi kwenye waya wa L1. Taa itameta bila kukatika. Hamia L2, halafu T1, halafu T2. Zote nne zinatakiwa kumeta. Usitegemee mtihani wa kuchomoa waya na kusikiliza mlio, ule mafundi wanaoupenda kwa injini za pistoni. Ukichomoa T kwenye rotari injini ikiwa silensa (inazunguka bila kukanyagwa mafuta), mlio unabadilika kidogo mno, na sikio la mtu aliyezoea Corolla litakwambia hakuna tofauti.

Majibu yako ni matatu. Kama L zinameta na T zote mbili ziko kimya, umepata ugonjwa: mshale umelala kwa sababu koili ya T haifanyi kazi. Nenda hatua ya tatu. Kama zote nne zinameta, mfumo wa moto ni mzima na tatizo ni waya au geji. Ruka hadi hatua ya nne. Kama T moja inameta na nyingine haimeti kwenye FB, koili iko sawa na kasoro iko kwenye kifuniko cha distribyuta, kidole chake, waya wa plagi au plagi yenyewe. Hiyo haitalaza mshale, lakini itengeneze, maana ni plagi inayotakiwa kufanya kazi.

Hatua ya tatu: koili ya T imekufa, nani kaiua?

Kwenye FB utaona koili mbili za mviringo kama chupa zikiwa zimesimama pamoja. Fuata waya mnene wa kila koili hadi kwenye kifuniko cha distribyuta ujue ipi ni ya T. Kwenye nguzo hasi ya koili hiyo kuna waya wa kwenda kwenye ignaita, na mwingine mwembamba unaoingia kwenye fungu la nyaya kuelekea ndani ya gari. Huo mwembamba ndio waya wa mshale.

Washa swichi bila injini, weka multimita kwenye volti za DC, ncha nyeusi kwenye hasi ya betri. Pima nguzo chanya ya koili ya T: itoe volti karibu na za betri. Kama hakuna kitu, koili haijalishwa. Fuata waya wa kulisha kurudi nyuma. Kama zipo, pima nguzo hasi. Kwenye gari lenye ignaita, ambapo umeme haujafungwa kwenda ethi (bodi ya gari, yaani upande hasi wa betri), nako utasoma karibu volti za betri.

Ukisoma sifuri kwenye hasi, kuna njia mbili, na mkono utakusaidia kuzitofautisha. Zima swichi baada ya dakika moja, kisha gusa mwili wa koili. Kama ni ya baridi, waya wa ndani wa koili umekatika: zima kila kitu, chomoa nyaya, pima omu kati ya chanya na hasi. Koili nzima hutoa omu chache tu, mara nyingi moja na ushee. Isiyosoma kabisa imekufa. Linganisha na koili ya L iliyo jirani. Una sampuli nzuri hapo hapo, huhitaji kitabu. Kama koili ina joto, basi hasi imegusana na ethi na umeme unapita bila kukatwa.

Sasa fanya jaribio ambalo naliona ni la maana kuliko yote kwenye FB. Chomoa ule waya mwembamba wa mshale kutoka kwenye nguzo hasi, funika ncha yake, washa injini, rudisha taa ya taimingi kwenye T1. Kama T imefufuka, ignaita na koili hazina kosa. Waya wa mshale umechunika na kugusa bodi mahali fulani, au geji yenyewe imekufa kwa ndani na kufunga umeme kwenda ethi, na ndiyo iliyokuwa inaizuia koili. Tazama jinsi ugonjwa ulivyogeuka: mtu aliyeanza kwenye dashibodi angeona geji mbovu, aibadilishe, na gari "lipate nguvu" asijue kwa nini. Mwingine angenunua koili mpya na kuitupia lawama ya ubovu wa kiwandani. Ukishaliona hili unaweza kuliendesha gari bila mshale hadi upate nafasi, ukijua T zako zinapiga.

Kama T bado iko kimya baada ya kuchomoa waya, pima nguzo hasi injini ikizunguka. Ignaita nzima inapofungua na kufunga, volti za wastani hushuka chini ya zile ulizosoma swichi ikiwa imewashwa tu. Zikibaki palepale bila kuyumba, ignaita haikati. Kwenye FB za kuanzia 1981 ignaita ni mbili, vijisanduku vidogo vyenye maandishi J-109 vilivyobanwa ubavuni mwa distribyuta, kimoja cha L na kimoja cha T. Zinafanana, na huo ndio msaada wako. Zibadilishane nafasi. Ugonjwa ukihamia L, yaani injini sasa inasuasua au haiwaki huku T zikimeta, ignaita ndiyo mbovu na huna haja ya kubishana na mtu. Ukizirudisha, safisha sehemu zinazogusana na paka grisi nyeupe ya kupitisha joto, ile wanayotumia mafundi kompyuta. Ignaita iliyofungwa kavu haipozi vizuri, na bandari yetu hii haina siku ya baridi ya kuionea huruma.

FB za mwanzo kabisa zilitumia pointi (vigusano vinavyofunga na kukata umeme wa koili) badala ya ignaita. Hapo fungua kifuniko, angalia seti ya T, isugue na urekebishe nafasi yake. Kapasita yake nayo iangaliwe.

FC imepangwa tofauti. Hakuna distribyuta. L zina koili moja inayopiga plagi zote mbili za chini kwa pamoja. T zina koili mbili juu ya kisanduku kimoja chenye ignaita, na kompyuta hukiletea amri ya kupiga pamoja na amri ya kuchagua rota ya mbele au ya nyuma. Waya wa mshale hutoka kwenye kisanduku hicho cha T. Kwa hiyo FC yenye mshale uliolala na T zote mbili kimya, kitazame kisanduku hicho kwanza: soketi zake, ethi yake kupitia bolti zilizokishika kwenye bodi, kisha ignaita yenyewe. Fungua bolti, sugua rangi na kutu chini yake, funga tena. Kazi hiyo haina gharama na imefufua FC kadhaa ambazo wenyewe walikuwa wameshaanza kuulizia bei Japani.

Hatua ya nne: cheche zipo, mshale haupo

Sasa unajua habari inazaliwa lakini haifiki. Pima Hz kwenye hasi ya koili ya T kwa FB, au kwenye waya wa mshale unaotoka kwenye kisanduku cha T kwa FC. Kwenye silensa utegemee Hz 25 au karibu nayo. Multimita ikicheza namba za ajabu, ni kelele ya umeme inayoichanganya; sogeza nyaya zake mbali na nyaya za plagi.

Chukua ule waya mrefu wenye klipu. Injini ikiwa imezimwa, bana upande mmoja kwenye hasi ya koili ya T, upitishe mbali na eksosi na feni, uingize dirishani hadi kwenye pini ya mshale nyuma ya kibao cha geji. Kwa baadhi ya magari unaifikia soketi kwa mkono kutoka chini. Kwa mengine hapa ndipo dashibodi inapofunguliwa, na sasa unaifungua ukiwa na sababu. Chomoa waya wa zamani kwenye pini hiyo, bana wa muda, funika kila kilicho wazi, washa injini. Mshale ukiinuka, geji ni nzima na waya wa zamani umekatika njiani.

Kabla ya kuutandika mpya, fuata ule wa zamani kwenye sehemu tatu: soketi za chumba cha injini, mpira unaopitia ukuta kati ya injini na abiria, na popote palipofungwa alamu. Soketi zifungue na uziangalie ndani kwa tochi. Kutu ya kijani ni jambo la kila siku kwa gari linalolala Kigamboni au Masaki, maana chumvi ya bahari haihitaji maji kuingia, hewa inatosha. Spiriti na brashi ya meno vinaondoa ile ya juu. Pini iliyolika ibadilishwe. Muungo wa fundi alamu ukate wote, unganisha upya kwa risasi, vika mpira wa kubana kwa joto. Utepe mweusi usirudi.

Hatua ya tano: geji yenyewe

Umefika hapa kwa sababu habari inafika kwenye pini na mshale bado umelala. Chomoa betri. Toa kifuniko cha usukani, skrubu za ganda, na kwa matoleo yenye kebo ya spidi iachilie kebo nyuma kabla ya kuvuta kibao. Usiyafanye haya saa nane mchana. Asubuhi au jioni jua si kali, na wewe mwenyewe unakuwa na subira.

Geji inahitaji vitu vitatu: umeme wa swichi, ethi, na habari. Rudisha betri kwa muda, pima umeme. Ethi ipime kwa njia sahihi: swichi imewashwa, volti za DC, ncha moja kwenye ethi ya geji na nyingine kwenye hasi ya betri. Isizidi sehemu ya kumi ya volti. Ethi mbovu ndiyo inayofanya geji zote zicheze ukiwasha taa kubwa.

Vyote vitatu vikiwepo, toa geji uipime mezani. Hapa ndipo rilei ya miguu mitano inapokuja. Peleka chanya ya betri kwenye mguu 85. Unganisha mguu 86 na mguu 30 kwa kipande cha waya. Mguu 87a upeleke hasi. Rilei itaanza kulia kama nyuki, kwa sababu kila ikivuta inajikatia umeme na kuachia. Pale 86 na 30 zilipoungana panatoka mruko wa umeme unaofanana na ule wa nguzo hasi ya koili. Ipe geji chanya na hasi zake, kisha waya wa habari uguse hapo. Geji nzima itainua mshale na kuutikisa. Usijali namba inayosoma. Unatafuta uhai tu. Usiiache rilei ikilia muda mrefu, inachemka.

Geji isiyoitika iangalie kwa kioo cha kukuzia upande wa bodi yake. Tafuta duara jembamba jeusi kuzunguka miguu ya vipande vikubwa na kuzunguka skrubu zinazoishikilia geji kwenye kibao, kwani mara nyingi skrubu hizo ndizo pia njia ya umeme. Duara hilo ni ufa wa risasi. Fundi simu mwenye mkono mtulivu, wa Kariakoo au wa mtaani kwenu, atalipasha moto na kuongeza risasi mpya ndani ya dakika chache. Kapasita iliyovimba au kuvuja abadilishe kwa yenye thamani ileile na volti zisizo chini ya za awali. Kama sumaku ya mshale imekufa, hapo achana na matengenezo.

Ukiamua kufunga geji ya dukani

Nunua yenye chaguo la silinda nne. Kwenye FB iweke silinda nne, waya wa habari kwenye hasi ya koili ya T au hata ya L, maana zote hupiga mara mbili kwa mzunguko. Kwenye FC kuna mtego: kila koili ya T hupiga mara moja tu kwa mzunguko, kwa hiyo ukiifunga geji kwenye koili moja ya T ikiwa kwenye silinda nne, itasoma nusu. Tumia waya wa mshale wa kisanduku cha T, au hasi ya koili ya L. Ikiwa gari limefungwa boksi la CDI (mfumo wa cheche unaotumia kapasita), usiunganishe kwenye koili. Maboksi hayo mengi yana waya wake wa geji.

Usikae muda mrefu bila mshale. Rotari hupanda mizunguko laini bila kutetema, na kwenye FB mstari mwekundu uko 7000. Mguu peke yake hautakwambia umefika.

Baada ya kurudisha kila kitu, linganisha kwa mara ya mwisho: multimita ikionyesha Hz 25 mshale uwe 750, ikionyesha Hz 100 uwe 3000. Kisha bana taa ya taimingi kwenye T1 na T2 tena kabla ya kufunga boneti, hata kama mshale unacheza vizuri, kwa kuwa T moja inaweza kuwa kimya huku mshale ukisoma sawasawa.